Hodi ya Simu: Majadiliano Yetu Yawe Barazani au Chumbani?



Jioni moja baada ya sala ya Alasiri kijana mmoja alituuliza barazani suala ambalo baadhi yetu tulilicheka. Alisema: "Wazee wangu, mimi hupenda kufuata mijadala ya watu katika intaneti, ya dini na ya dunia. Je, ni bora niwe na aplikesheni ya mijadala hiyo ndani ya simu yangu, au niwe naifungua kwa kivinjari kila nitakapo?" Mzee mmoja akamjibu kwamba hilo si suala la kuulizwa watu wa msikitini, aende akamuulize fundi wa simu. Tukacheka, na kijana naye akacheka kwa hishima, na mazungumzo yakaendelea na mengine.

Nilipofika nyumbani suala lile halikuniacha, na kadiri nilivyolifikiri ndivyo nilivyoona kwamba sisi tuliocheka ndio tuliokosea. Fundi wa simu atamwambia ipi yafungua upesi, ipi yala bando kidogo, na ipi haijazi simu. Hayo ni kweli na yana faida. Lakini fundi hatamwambia ipi itamwachia sala yake, usingizi wake na ulimi wake. Hili ni suala la adabu, na adabu ni katika dini.

Kwanza na tufahamiane juu ya vitu vyenyewe, kwani wengi wetu twavitumia mchana na usiku bila ya kuvitenganisha. Kivinjari ni ile programu ambayo kwayo twafungua kurasa za intaneti. Twaandika anwani ya mahali, twaingia, twasoma, twasema letu, kisha twafunga tukaenda zetu. Mtandao wa kurasa hizi aliubuni Muingereza Tim Berners-Lee mwaka 1989, alipokuwa akifanya kazi katika CERN, taasisi ya utafiti wa sayansi iliyoko Geneva, Uswisi. Mwaka 1993 taasisi hiyo ikautoa kwa walimwengu wote bure, pasi na kudai haki ya umiliki. Ama aplikesheni, hiyo ni programu ya kampuni moja kwa kazi yake moja. Twaishusha, twaiweka simuni, nayo yakaa humo, tukiifungua na tusipoifungua. Duka la aplikesheni la kampuni ya Apple lilifunguliwa Julai 2008 na aplikesheni kiasi cha 500. Mwaka uliofuata, 2009, kampuni hiyo ikazifungulia aplikesheni za watu wengine njia ya kuleta arifa katika simu, hata kama mwenye simu hakuzifungua.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka, ndugu msomaji. Kabla ya hapo mtu aliyaendea maneno. Baada ya hapo maneno yakawa yamwendea mtu. Jukwaa la mijadala la Tanzania lijulikanalo leo kwa jina la JamiiForums lilianza mwaka 2006 kwa jina la JamboForums, na zama hizo watu waliliendea kwa kivinjari, katika kompyuta za ofisini na za vibanda vya intaneti. Mtu akimaliza saa yake aliinuka katika kiti. Aliyoyasema aliyasema, aliyoyasoma aliyasoma, na ule ugomvi ulibaki kule kule kwenye jukwaa. Haukumfuata njiani wala haukulala naye kitanda kimoja.

Basi suala la kijana wetu, ukilivua nguo zake za kisasa, ni suala la kale sana: Ni nani apigaye hodi, na ni nani afunguaye mlango?

Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ametufundisha adabu ya mlango katika Sura An-Nur. Katika aya ya 27 ametukataza kuingia nyumba zisizokuwa zetu mpaka tutake idhini na tuwatolee salamu wenyewe, na katika aya ya 28 ametuamrisha kwamba tukiambiwa turudi, turudi, kwani kurudi huko ndiko kutakasika zaidi kwetu. Naye Mtume (S.A.W.), katika Hadithi aliyoipokea Abu Musa Al-Ash'ari, ametufundisha kutaka idhini mara tatu, na tusipopewa twende zetu. Na siku alipochungulia mtu katika tundu ya mlango wake, akabainisha kwamba kutaka idhini kumewekwa kwa ajili ya jicho. Yaani si miguu peke yake iingiayo nyumba ya mtu.

Wazee wetu wa pwani waliifahamu adabu hii hata wakaijenga kwa mawe na chokaa. Itazame nyumba ya kale ya Lamu. Mgeni hukomea kwanza katika daka, ambapo pana baraza za kukalia huku na huku. Hapo ndipo penye kahawa, khabari za mji, mas'ala ya dini na ubishi wa watu. Kisha yuko mlango, na nyuma ya mlango njia haiendi moja kwa moja, bali hupinda, ili apitaye asione waliomo kiwandani. Nyumba ilikuwa na mahali pa maneno ya watu wote na mahali pa watu wa nyumbani, na baina ya mawili hayo palikuwa na ukuta. Hakuna aliyesema kwamba kwa kuwa maneno ya barazani ni mazuri, basi baraza lihamishiwe chumbani.

Na iko aya nyingine katika sura hiyo hiyo, aya ya 58, ambayo naona kama inatusemesha sisi watu wa zama hizi khasa. Humo Mwenyezi Mungu ametaja nyakati tatu ambazo hata walio ndani ya nyumba, watumwa wa zama hizo na watoto wadogo ambao hawajabaleghe, wameamrishwa watake idhini kabla ya kumwingilia mtu: kabla ya sala ya Alfajiri, wakati wa adhuhuri mtu anapovua nguo zake kupumzika, na baada ya sala ya Isha. Nyakati hizi tatu ameziita ni za faragha. Fikiri, ewe ndugu yangu! Mtoto wako wa kumzaa, anayelala chini ya paa lako, amefundishwa apige hodi. Lakini simu iliyo chini ya mto wako yaingiza watu ambao hukuwaona wala huwajui, katika nyakati hizo hizo tatu, wala haipigi hodi. Saa ya kabla ya Alfajiri, jambo la kwanza jicho linaloliona si mbingu wala maji ya udhu, bali ni kioo chenye maneno ya ugomvi wa jana. Na baada ya Isha, jambo la mwisho ni hilo hilo.

Yuko atakayesema: "Lakini simu huuliza. Mtu akiweka aplikesheni, simu humuuliza kama ataka kuletewa arifa." Ni kweli. Simu za Apple zimekuwa zikiuliza, na simu za Android zimeanza kuuliza tangu toleo lake la 13 la mwaka 2022. Lakini itazameni hodi hiyo. Ni hodi ya mara moja kwa maisha. Mtu ana haraka, ataka kuona kilichomo, akibonya "ruhusu" bila ya kusoma. Tangu siku hiyo mgeni amepewa ufunguo, na kila saa huingia kwa idhini ile ile ya siku ya kwanza. Je, jirani yako ukimwambia "karibu" leo mchana, ndiyo umemruhusu kuingia chumbani kwako usiku wa manane mwaka ujao?

Na isije ikadhaniwa kwamba nayasema haya hali mimi nimesalimika nayo. Mwaka mmoja, usiku wa kutazamia mwezi wa Mfunguo Mosi, katika jukwaa nililokuwa nimeliweka simuni mlikuwa na ubishi ule tunaoujua wa kila mwaka: tufuate mwezi ulioonekana nchi nyingine, au tungoje kuuona wenyewe? Nilikwisha sema langu jioni kwa adabu. Nikasali Isha, nikaingia kulala. Simu ikalia. Nikaitazama, nikaona sahibu yangu wa miaka mingi, ambaye hukaa naye baraza moja, amenijibu. Hakunitukana. Alisema tu kwamba dalili yangu ni dhaifu. Lau angaliniambia hivyo barazani, uso kwa uso, ningalicheka, nikamwambia "basi lete yako iliyo na nguvu," na kikombe cha kahawa kingalipita baina yetu. Lakini nilikuwa nimelala gizani, nusu ya akili imekwisha kwenda usingizini, hakuna uso wa mtu mbele yangu, na kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nikamwandikia kwamba yeye ni jahili, na kwamba hata kitabu alichokitaja hajui kukisoma. Nikageuka upande wa pili, nikalala.

Idd ile tulisali siku mbili mbalimbali, na hilo si kitu, kwani khitilafu ya mwezi ni ya kale na wanazuoni wameistahamilia. Lililokuwa kubwa ni kwamba hatukupeana mkono wa Idd. Na Mtume (S.A.W.) amemkataza Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu. Sisi tulihamana miezi minne. Tulikuja kukutana katika maziko ya mtu wa mtaani petu. Nilikuwa nimebeba jeneza, na aliyekuja kunipokea bega alikuwa ni yeye. Tulipokuwa twarudi kutoka makaburini nikamwomba msamaha. Akanisamehe, kisha akaniambia neno ambalo sitalisahau. Alisema: "Neno lenyewe halikuniuma sana, nimesikia makubwa kuliko hilo. Kilichoniuma ni saa uliyoliandika. Simu ilikuwa baina yangu na mke wangu. Ikalia, akaichukua yeye, akalisoma kabla yangu."

Hapo ndipo nilipofahamu nilichokifanya. Nilimwingilia sahibu yangu chumbani mwake, usiku, bila ya hodi, nikamtukana mbele ya ahli yake. Kwa miguu yangu nisingalithubutu kulifanya hilo hata kwa kulipwa. Lakini nililifanya, kwa sababu mimi na yeye tulikuwa tumeyaondoa maneno ya barazani tukayalaza vyumbani.

Wako watakaonijibu kwamba kosa lilikuwa langu, wala si la aplikesheni. Kwamba chombo ni chombo tu, na kisu hukata nyama na huua mtu, na ajuaye ni mwenye mkono. Neno hili lina ukweli ndani yake, na Siku ya Kiyama mimi ndimi nitakayeulizwa juu ya neno "jahili", haitaulizwa simu. Lakini mfano wa kisu haukutimia. Kisu hukaa jikoni kimya mpaka ukitafute. Hakikuamshi usiku kukwambia kwamba fulani amekutaja. Hakiwekwi na mtu anayepata fedha kila unapokishika. Chombo kinachokuita si sawa na chombo unachokiita. Na wanazuoni wetu wa fiqhi wamesema tangu zamani kwamba njia za kufikia jambo huchukua hukumu ya jambo lenyewe. Njia inayompeleka mtu kwenye kheri hupendeza kwa sababu ya kheri hiyo, na njia inayomrahisishia shari huogopewa, hata ikiwa mlango wake umepambwa.

Tena tusisahau mwisho wa majlisi. Imam Tirmidhi ameipokea kutoka kwa Abu Huraira Hadithi ya ile dua ambayo mtu huisoma anapoinuka katika majlisi iliyokuwa na maneno mengi, ikawa ni kafara ya yaliyopita humo. Wengi wetu twaijua kwa moyo, na mabarazani huisikia wazee wakiisoma wakikusanya kanzu zao. Lakini dua hii ina sharti iliyofichika, nayo ni kwamba mtu ainuke! Je, yule ambaye majlisi yake haina mwisho ataisoma lini? Mwaka 2006 Mmarekani aitwaye Aza Raskin alibuni ukurasa usiokwisha, ule ambao kila ukiusukuma kwa kidole huleta mengine chini yake, na baadaye yeye mwenyewe akajitokeza hadharani kujutia alichokianzisha. Ukurasa wa namna hii uko katika aplikesheni na uko katika vivinjari pia, na kote una hatari. Lakini mwenye kivinjari bado ana kitendo cha kufunga na kuondoka. Mwenye aplikesheni huweka simu mfukoni, na majlisi huingia mfukoni pamoja nayo.

Liko na jambo la amana. Kivinjari nacho hakikosi aibu: majukwaa mengi huacha ndani yake alama ndogo ziitwazo vidakuzi, ambazo kwazo humtambua mtu na hata kumfuata aendako. Lakini aplikesheni iliyokwisha kaa simuni huweza kuomba makubwa zaidi: mahali ulipo, kipaza sauti, picha, na daftari lako la majina na nambari. Tuseme wewe umeridhia kutoa khabari zako. Je, nambari ya mama yako, ya shemeji yako, ya mwalimu wa chuoni na ya mjane uliyekuwa ukimpelekea sadaka kwa siri, hizo ni zako? Walikupa wewe, hawakumpa mwengine. Mtu anapobonya "ruhusu" katika suala lile la daftari, atoa amana za watu mia bila ya kumuuliza hata mmoja wao. Wangapi katika sisi tumewahi kulifikiri hilo?

Kisha utazame mlango ni wa nani. Vivinjari ni vingi na watengenezaji wake ni mbalimbali. Ukichoka na kimoja utachukua kingine, na jukwaa utaliona lile lile. Ama aplikesheni ya jukwaa, aghlabu ni mlango uliotengenezwa na mwenye jukwaa mwenyewe, naye hufunga na kufungua apendavyo. Jukwaa la Marekani liitwalo Reddit lilikuwa na watu wengi waliolisoma kwa aplikesheni zilizotengenezwa na watu wa nje. Mwaka 2023 kampuni ikatangaza ada mpya kwa watengenezaji hao, na aplikesheni mojawapo iliyopendwa sana, Apollo, ikafungwa tarehe 30 Juni mwaka huo, kwa kuwa mtengenezaji wake aliona hawezi kuilipa ada hiyo. Mali ni ya kampuni, na yaweza kuweka bei itakayo. Lakini aliyezoea mlango mmoja tu, siku ukifungwa ndipo hujua kwamba hakuwa mwenyeji, alikuwa mpangaji.

Baada ya yote haya, haifai mtu kutoka hapa akaseme kwamba gazeti limeharamisha aplikesheni. Hatukusema hivyo, wala kuharamisha si jambo la kuchezea. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake Ihyaa Ulumid-Din ameweka mlango mzima juu ya kujitenga na watu na kuchanganyika nao. Ametaja faida za hili na faida za lile, na akaonyesha kwamba hukumu hutafautiana kwa hali ya mtu na ya wale anaochanganyika nao. Nasi tuende kwa mwendo huo.

Aplikesheni ina mahali pake. Mzee ambaye macho yake hayawezi kuandika anwani ndefu, hubonya picha moja akasikia sauti ya mjukuu wake. Aliye na mtoto Maskati au Dubai, na aliye na mgonjwa hospitali, ataka khabari zimfikie saa ile ile. Khabari ya msiba haingoji mtu afungue ukurasa; maziko yetu hufanywa upesi, na asiyejua hukosa kumsalia nduguye. Na katika maneno ya siri ya watu wa nyumbani, baadhi ya aplikesheni zina ulinzi mzuri. WhatsApp, kwa mfano, mwaka 2016 ilikamilisha kuyafunga maneno yanayopita humo hata isiweze kuyasoma kampuni yenyewe. Tena kivinjari nacho kina khasara zake. Anayetumia kompyuta ya kibanda akasahau kujitoa, humwachia ajaye nyuma yake mlango wazi, na huyo ajaye aweza kusema maovu kwa jina lake.

Lakini yatazame yale niliyoyataja: mtoto aliye mbali, mgonjwa, msiba. Hawa ni watu ambao hata zamani walikuwa na haki ya kukugongea mlango usiku wa manane, na ukafungua, na usichukie. Haki hiyo ni ya udugu na ya dharura. Je, mtu ambaye hakubaliani nawe juu ya siasa, au mpira, au mas'ala ya kunuti katika sala ya Alfajiri, ana haki hiyo? Hana. Haki yake ni haki ya barazani: umsikilize ukiwa umekaa, umjibu ukiwa macho, na umrudishie salamu.

Na haki hizi za barazani si ndogo. Mtume (S.A.W.) aliwatahadharisha Masahaba na kukaa njiani. Wakamwambia kwamba hawana budi na vikao vyao hivyo, ndimo wanamozungumza. Hakuwakatalia. Aliwaambia kwamba ikiwa hawana budi, basi waipe njia haki yake, akawatajia kuinamisha macho, kuzuia udhia, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Said Al-Khudri. Majukwaa ya intaneti ni vikao vya njiani vya zama zetu. Hatutaweza kuyakimbia yote, wala si lazima, kwani humo mna ilimu na mna mashauri na mna kutetea haki. Lakini haki za njia hutimizwa na mtu aliyeiendea njia kwa kusudi lake. Ni vigumu kuinamisha macho ikiwa kinachotazamwa chaja chenyewe machoni.

Basi nasaha yangu kwa nyumba zetu ni hii. Wenye haki ya kukugongea usiku, waache wawe na njia ya kukufikia. Mijadala ya watu wote iweke barazani: ifungue kwa kivinjari, kwa saa uliyoichagua wewe, na niya uliyoitia moyoni kabla ya kufungua, kisha useme letu la kheri au unyamaze, usome dua ya kuinuka, ufunge. Ikiwa huna budi na aplikesheni ya jukwaa, basi izimie arifa zake. Ukifanya hivyo, huifanya kuwa karibu na kivinjari. Na ujihadhari na kinyume chake, kwani vivinjari navyo huuliza kama vikuletee arifa za kurasa mbalimbali, na ukiruhusu utakuwa umekimbia mvua ukaingia chini ya mchirizi. Kilicho muhimu si jina la programu. Kilicho muhimu ni nani mwenye ufunguo.

Na zile nyakati tatu za Sura An-Nur, simu na ilale nje ya chumba, au ikae pahali ambapo itasikika ikipigwa kwa dharura lakini kioo chake hakionekani. Mtume (S.A.W.) alikuwa akichukia mazungumzo baada ya Isha, na wanazuoni wakaruhusu yale ya ilimu, ya mgeni na ya mtu na ahli yake. Ubishi na watu usiowaona haumo katika hayo. Tena tuanze sisi wazee. Mara nyingi twawakemea vijana kwa simu zao, nasi mkono wetu wa kulia una tasbihi na wa kushoto una simu. Mtoto hafuati mkono tunaomwonyesha, hufuata ule anaouona ukitumika zaidi.

Yule kijana nilimtafuta baada ya siku chache, nikamwambia kwamba suala lake lilikuwa suala zuri, na kwamba kucheka kwetu hakukuwa jawabu. Nikamwambia: "Mwanangu, penye mijadala nenda kwa miguu yako, usikubali ikujie kitandani." Akaniuliza na mimi nafanyaje. Nikamwonyesha simu yangu. Lile jukwaa la usiku wa mwezi halimo tena. Huliendea baada ya Alasiri, na sahibu yangu huwa yuko humo, na bado huniambia kwamba dalili zangu ni dhaifu. Siku nyingine huwa tumekaa baraza moja, kila mtu na simu yake, akaniandikia humo nami niko kando yake, tukatazamana tukacheka.

Mwenyezi Mungu atulinde na shari ya ndimi zetu na ya vidole vyetu, na atujaalie kuinuka katika kila majlisi tukiwa tumesamehewa. Amin.

Wallahu aalam.